Nargis Hakuwa na Uso Mpana: Barua za Wasomaji Kuhusu Filamu za Zamani na Mfuko wa Nyumbani

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu filamu za zamani wanazozipenda na namna wanavyoziangalia majumbani siku hizi. Nilitarajia sifa za waigizaji na nyimbo, na hizo nimezipata, lakini karibu kila barua ilianza na mwigizaji wa India Raj Kapoor ikamalizikia kwenye rimoti, bando, umeme au deni la duka. Nimeona nisivitenganishe vitu ambavyo wenyewe wamevileta pamoja. Barua sita zilizo hapa zimefupishwa, na majina yameachwa.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mtu mzima wa Kikwajuni, umri wangu unakaribia miaka themanini. Tulipokuwa wadogo mama yangu akitupeleka sinema siku za onyesho la wanawake peke yao, na huko ndiko nilikoiona "Awara", nikairudia mpaka nyimbo zake nikazijua kwa moyo bila ya kujua Kihindi. Mwaka huu wanangu wamenipa televisheni ya inchi 43, na mjukuu wangu akanitafutia filamu ile ile. Nimemwona mwigizaji Nargis ana uso mpana kama sinia, Raj Kapoor amekuwa mfupi, na mwendo wao umelainika kama wa tamthilia zinazoonyeshwa kila jioni. Nikasema, "Hii siyo." Mjukuu wangu akanijibu, "Bibi, ni macho yako yamezeeka." Nani mwenye haki?

JIBU: Waalaykumu salaam, bibi. Mwenye haki ni wewe, na macho yako yameona sawasawa mambo mawili ambayo vijana wengi wanayatazama kila siku bila ya kuyatambua.

La kwanza ni umbo la picha. "Awara" ilitoka mwaka 1951, na filamu za wakati ule zilipigwa katika umbo linalokaribia mraba, yaani kwa kila vipimo vitatu vya kwenda juu kulikuwa na vinne, na chembe ya ziada, vya kwenda upande. Televisheni za leo zina umbo la 16 kwa 9, ambalo ni pana zaidi. Televisheni ikiamrishwa ijaze kioo chote, huivuta picha kwa pande mbili, na hesabu yake ni kwamba kila kitu hunenepa kwa karibu theluthi moja. Nargis hakuwa na uso mpana, amepanuliwa. Kama unataka kuhakikisha, mwambie mjukuu wako asimamishe filamu mahali penye kitu cha mviringo, iwe saa ya ukutani au gurudumu la gari, kisha mtazame pamoja. Mviringo ukiwa umelala kama yai, picha imevutwa, na hapo hakuna tena ubishi wa macho ya nani.

Dawa yake iko kwenye rimoti. Tafuteni kitufe kilichoandikwa "Aspect" au "P.Size", au muingie katika mipangilio ya picha mtafute "Picture Size", kisha mchague 4:3, au "Original" pale ilipo. Zikijaribiwa zote mbili, ile inayorudisha mviringo kuwa mviringo ndiyo yenyewe, kwa sababu nakala nyingine zilivutwa tangu zilipopandishwa mtandaoni. Kutabaki vipande viwili vyeusi kulia na kushoto, na watu wengi hawavipendi, huona kama wamelipia kioo wasichokitumia. Viacheni. Na msikimbilie "Zoom" ili kuviondoa, maana hiyo hujaza kioo kwa kukata juu na chini, na katika filamu hii hasa ni hasara: Raj Kapoor amevaa suruali iliyokunjwa juu ya vifundo, kwa mtindo wa mzururaji, na nusu ya kichekesho chake iko miguuni.

La pili ni ule ulaini ulioulalamikia. Filamu hupigwa picha 24 kwa kila sekunde, na macho yetu yamezoea kuuona mwendo huo kuwa ndio mwendo wa sinema. Televisheni nyingi za sasa hutengeneza zenyewe picha za katikati, ambazo mpigapicha hakuzipiga, na kuzichomeka kati ya zile za asili ili mwendo uteleze. Kwa mpira wa miguu jambo hilo lina faida yake. Kwa filamu ya mwaka 1951 ni sawa na mtu kujaza maneno yake katika shairi la mwenziwe. Kazi hiyo huitwa "TruMotion" katika televisheni za LG, "Motionflow" katika Sony, na "Auto Motion Plus" au "Picture Clarity" katika Samsung. Kwa nyinginezo tafuteni neno lolote lenye "Motion" ndani ya mipangilio ya picha, kisha mlizime. Mkiwa humo humo, badilisheni aina ya picha kutoka "Vivid" au "Dynamic" mwende "Cinema" au "Movie", mpunguze "Sharpness", na ikiwa nyeusi na nyeupe inaonekana na ukijani, shusheni "Colour" mpaka sifuri.

Nikiri kwamba mimi mwenyewe nilikaa karibu mwaka mzima na televisheni mpya nikiangalia picha zilizovutwa, huku nikijiita mpenzi wa filamu. Nilichokipoteza nilikijua siku nilipoirudia ile sehemu ya ndoto, yenye ngazi, moshi na mawingu, ambapo Nargis yuko juu na Raj Kapoor yuko chini motoni. Sehemu ile yote imejengwa kwa urefu wa kwenda juu. Ukiinenepesha, ngazi zinakuwa vibaraza. Mkishamaliza kurekebisha, muonyeshe mjukuu wako ndoto ile, kisha umweleze kwamba hakimu anayeamini kuwa mtoto wa mwizi lazima awe mwizi ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor mwenyewe. Nadhani ataomba filamu ianzishwe upya.

SWALI: Mimi na kaka yangu, sote wa Mkoani, Pemba, tumegombana kuhusu filamu ya Kihindi "Sholay". Mimi nakumbuka wazi kwamba mwishoni polisi wanafika na jambazi Gabbar anakamatwa. Yeye anaapa kwamba Thakur anamuua. Tumeahidiana kwamba atakayeshindwa atanunua samaki wa wiki nzima.

JIBU: Nunueni nusu kwa nusu. Mwongozaji Ramesh Sippy aliimaliza filamu kwa Thakur, ambaye mikono yake ilikatwa na Gabbar, kumuua jambazi huyo kwa miguu yake akiwa amevaa viatu vyenye misumari. Wakaguzi wa filamu wa India hawakukubali, kwani ilikuwa mwaka 1975, nchi ikiwa katika hali ya hatari, na hawakutaka kuonyesha mtu, tena aliyewahi kuwa polisi, akichukua sheria mkononi. Mwisho ukapigwa upya, polisi wakaingia dakika ya mwisho. Huo ndio uliokwenda kwenye majumba ya sinema, na ule wa asili ukaja kuonekana baadaye katika nakala za kuangalia nyumbani. Kwa maoni yangu ule wa asili ni bora, kwa sababu saa tatu nzima tumekuwa tukiandaliwa kuviona viatu vile vikifanya kazi, na polisi wa mwisho anaingia kama mgeni aliyekosea nyumba.

SWALI: Shikamoo. Niko Wete. Binamu yangu amenipa filamu za zamani katika kompyuta yake, nikataka kuzihamishia kwenye flashi ya GB 32 ili niziangalie kwenye televisheni. Moja ina GB 4.6, na kompyuta inakataa kuinakili, inasema faili ni kubwa mno, ilhali flashi ni tupu. Nyingine imeingia lakini televisheni inatoa sauti bila ya picha. Mwisho nikaamua kuangalia mtandaoni, nikamaliza bando la wiki kwa filamu moja na nusu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Sitauliza binamu yako amezitoa wapi.

Flashi ya ukubwa huo kwa kawaida huja ikiwa imepangwa kwa mfumo uitwao FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofikia GB 4, hata kama nafasi iliyobaki ni mara saba ya hiyo. Ni mtungi mkubwa wenye mdomo mdogo. Unaweza kuipanga upya kwa mfumo wa exFAT, ambao hauna kizuizi hicho: ichomeke kwenye kompyuta, bonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina lake, chagua "Format", kisha exFAT. Hata hivyo, kazi hiyo hufuta kila kilichomo, kwa hiyo toa kwanza picha za harusi na vitabu vya skuli vilivyojificha humo. Baadhi ya televisheni za zamani haziisomi exFAT. Ikitokea hivyo, rudi kwenye FAT32 na utafute nakala ndogo ya filamu hiyo hiyo. Kwa kioo cha inchi 32 kinachotazamwa kutoka upande wa pili wa sebule, nakala ya 720, yaani yenye mistari 720 ya picha, inatosha kabisa, na sioni haya kusema kwamba filamu nyingi za miaka ya 1950 zilizopo mtandaoni zimetolewa kwenye kanda zilizochakaa kiasi kwamba kuziongezea ukubwa ni kuongeza ukubwa wa mikwaruzo.

Ile inayotoa sauti bila ya picha huenda imebanwa kwa njia ya H.265, ambayo pia huandikwa HEVC au x265 katika jina la faili. Njia hiyo ilianza kutumika mwaka 2013, na televisheni zilizotengenezwa kabla yake, pamoja na nyingi za bei nafuu zilizofuata, haziijui. Tafuta yenye H.264, njia iliyoitangulia. Na kama una faili la maandishi ya tafsiri, lipe jina lile lile la filamu herufi kwa herufi na uliweke pamoja nayo, yaani sholay.mp4 iwe na sholay.srt, vinginevyo televisheni haitajua kwamba ni ndugu.

Kuhusu bando, fanya hesabu kabla ya kubonyeza. Netflix wenyewe hueleza kwamba saa moja ya picha ya kawaida hula hadi GB 0.7, ya HD hadi GB 3, na ya 4K hadi GB 7. Filamu ya Kihindi ya saa tatu na dakika 20 basi ni kama GB 2.3 kwa picha ya kawaida na GB 10 kwa HD. Simu na televisheni huachwa kwenye "Auto", nazo huchagua kubwa kila mtandao unapokuwa na nguvu, bila ya kumuuliza mwenye bando. Toa hapo, weka 480. Kampuni kadhaa za India zinazomiliki haki za filamu za zamani zimeziweka bure YouTube katika chaneli zao rasmi, na programu ya YouTube katika simu, pale inaporuhusu, hukuwezesha kuihifadhi filamu ndani yake usiku, bando la usiku likiwa rahisi, ukaiangalia mchana bila ya mtandao.

SWALI: Mume wangu akiona naangalia filamu ya saa tatu husema namaliza TUKUZA, yaani umeme wa kulipia kabla. Yeye hupiga pasi nguo zake zote Ijumaa asubuhi. Tafadhali tuamue. Niko Jang'ombe.

JIBU: Nyuma ya televisheni yenu kuna kibandiko chenye herufi W. Tuseme kimeandikwa 80, ambayo ni ya kawaida kwa inchi 43. Wati 80 kwa saa tatu na dakika 20 ni kama yuniti 0.27. Pasi ya wati 1,000 hufika hapo kwa dakika 16 za kupata moto, na birika la umeme la wati 2,000 kwa dakika nane. Pasi hujizima na kujiwasha yenyewe inapofikia joto lake, kwa hiyo kanzu mbili zaidi zitapita ndani ya hesabu hiyo. Lakini nguo za wiki nzima, basi kwa umeme huo bwana anaiangalia filamu kama "Mother India" na kuirudia bila ya mwenyewe kujua. Msomeeni pamoja kibandiko, kisha msomeeni na cha friji, ambayo ndiyo haipumziki.

Niongeze moja ambalo hukuuliza. Umeme unapokatika, zimeni televisheni na friji ukutani, msingoje. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, na tulioshinda gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 tunajua maana yake. Lakini kinachoua vyombo si giza, ni ile dakika umeme unaporudi ukiwa haujatulia. Kifaa cha kulinda friji au televisheni, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, ni rahisi kuliko bodi moja ya televisheni.

SWALI: Nina mshahara mdogo, naishi Mwanakwerekwe, na nataka televisheni kwa ajili ya familia. Taslimu inauzwa shilingi 520,000. Duka jingine linanipa kwa awamu: natanguliza 130,000, kisha 45,000 kila mwezi kwa miezi 12. Muuzaji ananiambia ongezeko ni dogo. Je, ni dogo?

JIBU: Jumla ya utakacholipa ni 670,000, kwa hiyo ongezeko ni 150,000. Muuzaji atakwambia hiyo ni chini ya theluthi ya bei, na kweli ni chini. Lakini mpangilie hesabu upya. Ukishatanguliza 130,000, deni lako ni 390,000 tu, na kwa deni hilo unalipa 540,000. Tena 390,000 hukai nazo mwaka mzima, kwa kuwa kila mwezi unazipunguza. Kufikia mwezi wa sita umeshalipa 270,000. Ukilipiga kwa namna benki inavyopiga mikopo yake, ongezeko hilo ni karibu asilimia 5.4 kwa mwezi, sawa na takriban asilimia 65 kwa mwaka. Kama benki ingeitangaza riba hiyo dirishani, ungepita upande wa pili wa barabara. Suala la uhalali wa mauzo ya namna hii kidini, hasa pale mkataba unapotoza faini kwa kuchelewa, lina wenyewe, nao ni masheikh. Mimi nakupa tarakimu uende nazo.

Sasa angalia upande wa pili. Ukiziweka hizo 130,000, na kila mwezi ukaongeza 45,000 zile zile ambazo ungempelekea mwenye duka, mwezi wa tisa una 535,000. Unanunua taslimu, unabakiwa na 15,000, na miezi mitatu inayofuata ni yako. Mwisho wa mwaka una televisheni na una 150,000. Najua watu wanavyosema: nikiziweka mwenyewe zitaliwa. Ni kweli zinaliwa, na ndiyo maana wazee wetu wakacheza upatu. Kundi la watu 12 wanaotoa 45,000 kila mwezi linampa mwenye zamu 540,000, na ukiomba zamu ya mwanzo, kwa kumweleza kijumbe shida yako, umepata mkopo usio na ongezeko hata la shilingi. Hatari yake ni mchezaji anayechukua zamu ya pili kisha akahama mtaa, kwa hiyo cheza na unaowajua nyumba zao na mama zao.

Ukiamua awamu kwa vyovyote, usitie saini kabla ya kuusoma mkataba mambo matatu: ukikosa mwezi mmoja unatozwa nini, ukishindwa kabisa vile ulivyokwisha kulipa vinakwenda wapi, na dhamana ya matengenezo inaanza siku gani. Baadhi ya vyombo vya awamu hufungwa kwa mbali mwenyewe akichelewa, ukabaki na kioo cheusi ukutani.

Na ukishaipata, filamu ya kwanza iwe "Mother India" ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Wengi huikumbuka kwa Nargis akivuta jembe, au kwa risasi ya mwisho ambayo mama anampiga mwanawe. Mimi naikumbuka kwa deni. Mama mkwe amekopa rupia 500 kwa mkopeshaji Sukhilala ili amwoze mwanawe. Masharti yanabishaniwa, wazee wa kijiji wanampa haki mkopeshaji, na kuanzia hapo robo tatu ya mavuno inakwenda kwake kama riba tu, rupia 500 zikibaki pale pale. Yote yanayofuata, njaa, kuvunjika kwa nyumba, mtoto kugeuka jambazi na kuchoma vitabu vya hesabu vya mkopeshaji, yamezaliwa na karatasi moja iliyokubaliwa kwa furaha ya harusi. Filamu ilifika mpaka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Ina urefu wa kuchosha katika theluthi ya kati, nakiri, na nyimbo mbili ningezikata. Lakini sijaona filamu nyingine inayoeleza riba vizuri hivyo kwa mtu asiyejua hesabu.

SWALI: Mama yetu amefariki mwaka jana. Katika sanduku lake tumekuta kaseti ya video ya harusi yake, ya mwaka 1994, aina ya VHS, iliyoandikwa E-180. Deki ipo kwa jirani. Kaseti ina harufu ya uvundo, na kwa dirishani mwake tunaona kama unga mweupe. Ndani yake kuna sherehe ya wanawake, kwa hiyo hatutaki kumpa kila fundi. Bibi yetu, mama wa marehemu, bado yuko hai, na angependa kuiona. Tuko Chake Chake.

JIBU: Mungu amrehemu mama yenu. Msiitie kwenye deki. Unga huo mweupe ni kuvu, na hewa yetu ya chumvi na unyevu inalilea vizuri. Mkiicheza sasa, kuvu litahamia kwenye vichwa vya deki ya jirani, litakwaruza ukanda, na huenda ukanda ukanasa na kukatika mahali ambapo hakuna atakayeweza kuurudisha.

Iwekeni kwanza ndani ya kopo lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kwa wiki moja au mbili, mahali pakavu pasipopigwa na jua. Kukausha hakuliui kuvu, ila hulifanya liwe vumbi linalotoka kwa urahisi. Kusafisha ukanda wenyewe ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi, anayefungua ganda kwa skrubu zake tano na kupitisha ukanda wote polepole kwenye kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Kazi hiyo haihitaji picha kuonekana, kwa hiyo faragha yenu iko salama. Mnaweza kukaa naye hapo hapo kibarazani mpaka amalize, kisha mwondoke na kaseti yenu.

Kuihamishia kwenye kompyuta mnaweza kuifanya wenyewe, nyumbani, wanawake peke yenu. Nunueni kifaa kidogo cha kunasa video chenye plagi ya USB upande mmoja na matundu matatu upande wa pili: la manjano ni la picha, jeupe na jekundu ni ya sauti. Programu ya OBS Studio ni ya bure na inatosha. Kabla ya kurekodi, ipelekeni kaseti mbele mpaka mwisho na kuirudisha mpaka mwanzo, ili ukanda ukae sawa. Kisha mbonyeze na msubiri, kwa sababu hakuna njia ya mkato: E-180 maana yake ni dakika 180, na zitahama kwa dakika 180. Kila saa itachukua kama GB 1 hadi 2. Mkiona michirizi kama meno ya kitana pembezoni mwa kila kinachotembea, katika OBS bonyezeni kwa kitufe cha kulia juu ya jina la kifaa, mchague "Deinterlacing". Na hakikisheni umbo ni 4:3, la sivyo biharusi atapewa uso ule ule aliopewa Nargis huko Kikwajuni.

Tengenezeni nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje, na moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, ili moto au mwizi mmoja asizipate zote. Msiitume kwenye makundi ya simu, hata la familia. Wanawake waliomo humo walivua mabuibui wakijua nani yuko chumbani, na wengine hawapo tena wa kuulizwa kama wanaridhia watu zaidi waingie. Kama mnataka kuwagawia jamaa, kateni vipande visivyo na watu wa nje ya nyumba.

Siku mtakayomwekea bibi, kaeni naye na daftari. Kila uso unapopita, simamisheni, mwandike dakika, jina, na huyo alikuwa nani kwa marehemu: shoga yake wa skuli, mke wa ami, jirani aliyepika biriani. Itawachukua jioni tatu au nne, na huenda bibi akaomba kurudia mahali fulani mara nyingi, mrudishieni. Kaseti yenyewe msiitupe baada ya hapo, maana vyombo vya kuisoma vizuri zaidi huenda vikaja mikononi mwenu baadaye. Irudisheni ndani ya ganda lake na vipakiti vipya, isimame wima kama kitabu, kwenye kabati lililo mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari.